Nafasi Mbili Baada ya Nukta: Historia Fupi ya Kosa Lililokuwa Sheria

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliingia ofisini amekumbatia tasnifu yake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kazi ilikuwa imerudishwa na ofisi moja inayokagua muundo wa tasnifu kabla hazijapokewa. Hoja zake hazikuguswa. Hakuna aliyeuliza juu ya vyanzo vyake wala mbinu zake za utafiti. Kilichoandikwa kwa wino mwekundu katika ukurasa wa kwanza ni kwamba kazi nzima ina nafasi za ziada kila baada ya nukta, kwamba huo ni uzembe, na kwamba irekebishwe ndipo iletwe upya. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufikia mwisho wa kupokea tasnifu za mahafali ya mwaka ule.

"Mwalimu, mimi sikuandika hivi," aliniambia. "Nilimpa mama wa steshenari anichapie. Nimekwenda kumlalamikia, naye kanijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa, na mwenye kosa ni huyo aliyeweka wino."

Jioni ile nilipita kwa mama huyo. Ni mhazili mstaafu, aliyepiga chapa barua za serikali kwa karibu miaka thelathini kabla ya kufungua duka lake dogo lenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kiti, kisha akaanza bila kungoja niulize. Katika mashine, alisema, baada ya mkato unagonga mara moja, baada ya nukta unagonga mara mbili. Aliyegonga mara moja baada ya nukta katika mtihani wa uhazili alihesabiwa kosa, na makosa yalikatwa katika alama zake, na alama ndizo zilizoamua cheo na mshahara.

"Mimi nilikatwa alama kwa kuweka moja, baba. Leo mtoto anakatwa kwa kuweka mbili. Wewe ni mtu wa historia. Niambie sheria hii ilibadilishwa lini, na nani alitutangazia?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu, ila lile rahisi ambalo wengi wetu tumelisikia: kwamba nafasi mbili ni masalia ya taipureta, na kwamba taipureta ilipokufa, nafasi mbili zilipaswa kuzikwa nayo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na sehemu inayokosekana ndiyo inayomtetea mama yule.

Tuanze mbali kidogo. Nafasi yenyewe, hata ile moja kati ya neno na neno, si kitu cha asili. Wagiriki wa kale waliandika maneno yao yakifuatana bila mwanya. Warumi walikuwa na desturi ya kutia kitone kati ya maneno, kisha wakaiacha, nao wakaandika mfululizo kama Wagiriki. Msomaji wa zama zile alisoma kwa sauti, na sikio ndilo lililokata maneno. Walioanza kuyatenganisha maneno ya Kilatini kwa nafasi, na kuifanya iwe desturi, ni watawa wa Ireland katika karne ya 7 na ya 8. Sababu yake inanivutia kila ninapoifundisha: Kilatini kwao kilikuwa lugha ya kigeni. Mrumi aliyenyonya lugha ile na maziwa ya mama hakuhitaji kuonyeshwa neno linaishia wapi. Mgeni alihitaji. Nafasi, basi, iliingia katika maandishi ya Ulaya kama msaada kwa mwanafunzi wa lugha.

Kwetu pwani, walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hawakuwa na nukta ya kumalizia sentensi, sembuse mjadala wa nafasi baada yake. Katika hati ile kuna herufi zisizoungana na inayozifuata, kwa hiyo mwanya mdogo huonekana hata katikati ya neno moja. Katika tungo, msomaji aliongozwa na vina na mizani, na mara nyingi na alama iliyotiwa kutenga kipande na kipande. Sentensi kama tunavyoijua leo, yenye herufi kubwa mbele na nukta nyuma, ilikuja kwetu pamoja na herufi za Kirumi, vitabu vya misheni, shule na ofisi za utawala wa kikoloni. Na ilipofika, ilifika na vipimo vyake vya nafasi tayari.

Vipimo hivyo havikutoka kwenye taipureta. Hapa ndipo jibu rahisi linapovunjika.

Kabla ya mashine, mpangaji herufi katika kiwanda cha uchapaji alisimama mbele ya visanduku vya herufi za risasi, akaziokota moja moja na kuzipanga mstari kwa mstari. Nafasi nayo ilikuwa kitu cha kushikika: kipande cha risasi kifupi kuliko herufi, kisichogusa wino. Kulikuwa na vipande vya upana mbalimbali. Kikubwa cha kawaida kilikuwa cha mraba, upana wake sawa na kimo cha herufi zenyewe. Kati ya maneno ya kawaida kiliwekwa chembamba, theluthi ya mraba ule. Wachapaji wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19 waliweka mraba mzima baada ya nukta ya kumaliza sentensi. Kwa maneno mengine, mwanya kati ya sentensi ulikuwa mara tatu ya mwanya kati ya maneno. Hawakuwa wazembe; walifuata kanuni. Mwongozo wa uchapaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambao leo unatajwa kama msahafu wa nafasi moja, katika toleo lake la 1911 uliagiza hivyo hivyo: theluthi kati ya maneno, mraba baada ya nukta, alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Wafaransa walikuwa na desturi yao ya kutotofautisha nafasi hizo, na ndiyo maana wachapaji wa Kiingereza waliuita mtindo wa nafasi sawa kuwa wa Kifaransa. Yaani ndani ya Ulaya yenyewe zilikuwapo desturi mbili, kila moja na wataalamu wake.

Taipureta iliingia sokoni mwaka 1874, ikitengenezwa na kampuni ya Remington ya Marekani kutokana na ubunifu wa Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee. Ilikuwa na ulazima mmoja wa kiufundi: kila herufi ilichukua upana ule ule. Herufi i ilipewa chumba sawa na herufi m. Matokeo yake ni maandishi yenye matundu mengi, na nukta, alama ndogo kuliko zote, ikaachwa peke yake katikati ya chumba kipana. Mpiga chapa hakuwa na kipande cha mraba wala cha theluthi. Alikuwa na upau mmoja wa kugonga. Akitaka kuiga ukurasa wa kitabu aliouzoea, ambamo sentensi zimeachana zaidi ya maneno, njia pekee ilikuwa kugonga mara mbili. Taipureta haikuzua mwanya mpana. Iliurithi kutoka kwenye vitabu, ikauiga kwa kifaa duni ilichokuwa nacho.

Kisha ofisi ikaufanya uwe nidhamu. Wasomaji mliozaliwa baada ya taipureta kuondoka huenda mkadhani nazungumzia jambo dogo, kwa hiyo niwape picha aliyonipa mama yule. Barua moja ya wizara ilipigwa kwa nakala nne au tano, karatasi za kaboni zikiwa zimepachikwa katikati. Katika nakala ya mwisho nukta huonekana kwa shida, au haionekani kabisa. Kinachomwonyesha msomaji kwamba sentensi imekwisha ni ule mwanya. Katika stensili ya mashine ya kurudufu, nukta iliyogongwa kwa nguvu hutoboa na kuacha doa la wino, na mwanya mpana huzuia doa lisilimeze neno linalofuata. Tena barua zetu za Kiswahili zimejaa nukta zisizomaliza sentensi: Bw., Bi., Dkt., Mhe., S.L.P., n.k. Katika karatasi iliyopigwa vizuri, nukta ya "Bw." hufuatwa na nafasi moja, nukta ya mwisho wa sentensi hufuatwa na mbili, na jicho la afisa anayepitia mafaili arobaini kwa siku hujua papo hapo liendelee au litue. Huo ulikuwa ufundi. Ulifundishwa kwa miezi, ukapimwa kwa saa ya mkononi, na waliomudu walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake ambao majina yao hayamo katika barua walizozipiga. Iliyomo ni saini ya bosi, na chini kushoto, wakibahatika, herufi mbili tatu ndogo za majina yao.

Vitabu, wakati huo, vilikuwa vimeanza kuelekea upande mwingine, na sababu zilikuwa za mashine na za fedha. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia Linotype, mashine ya Ottmar Mergenthaler iliyoyeyusha risasi na kutoa mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Nafasi kati ya maneno ilitengenezwa na kabari iliyojitanua yenyewe mpaka mstari ujae. Kwa mashine ya namna hii, mwanya wa pekee baada ya nukta ulikuwa kitendo cha ziada kwa mwendeshaji, na kwa mwenye gazeti kila kitendo cha ziada ni senti. Magazeti yakaubana. Waliofuata ni wachapishaji wa vitabu vya bei nafuu. Jan Tschichold, Mjerumani aliyekabidhiwa usanifu wa vitabu vya Penguin huko Uingereza, aliandika mwaka 1947 kanuni za upangaji zilizopiga marufuku nafasi pana na kudai maandishi yashikane. Yeye alisukumwa na uzuri wa ukurasa zaidi ya senti, lakini safari hii uzuri na senti vilielekea njia moja. Kufikia katikati ya karne ya 20 nafasi moja ilikuwa imeenea katika vitabu vya Kiingereza, huku ofisi, zikiwa bado na taipureta mezani, zikiendelea na mbili. Kwa miongo kadhaa kanuni mbili ziliishi pamoja bila ugomvi, kwa sababu kila moja ilikuwa na chombo chake na watu wake.

Ugomvi ulikuja na kompyuta, kwa kuwa kompyuta iliwakusanya wote katika chombo kimoja. Ghafla mhazili, mwandishi wa vitabu, mwanasheria na mwanafunzi walikuwa wanatumia programu ile ile, yenye fonti ambazo i ni nyembamba na m ni pana. Sababu ya kiufundi ya kugonga mara mbili ilidhoofika kweli. Lakini vidole havikuambiwa. Na waliojifunza kuandika moja kwa moja kwenye kompyuta, ambao hawakuwahi kuona karatasi ya kaboni, walianza kuitazama nafasi ya pili kama uchafu.

Mwaka 2011 mwandishi Farhad Manjoo alichapisha katika jarida la Slate la Marekani makala makali akisema nafasi mbili ni kosa, basi. Yakasambaa sana, na nadhani hukumu nyingi za wino mwekundu tunazoziona huku zina asili yake katika makala kama yale, hata kama mwenye kalamu hajui. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mtindo wake wa APA umetapakaa katika vyuo vyetu, katika toleo la sita la mwongozo wake, mwaka 2009, kilipendekeza nafasi mbili baada ya sentensi katika miswada. Katika toleo la saba, mwaka 2019, kikaagiza moja. Mwanafunzi aliyeanza utafiti wake mwaka 2018 na kuumaliza 2020 angeweza kuwa sahihi alipoanza na mkosefu alipomaliza, bila kubadili chochote. Aprili 2020 kampuni ya Microsoft nayo ilianza kuiwekea nafasi ya pili alama ya kosa katika programu ya Word, ingawa mtumiaji bado anaweza kuingia kwenye mipangilio na kuchagua anayoitaka.

Je, kuna ushahidi kwamba nafasi mbili humdhuru msomaji? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo cha Skidmore, Marekani, walichapisha utafiti uliofuatilia macho ya wanafunzi 60 wakisoma. Nafasi mbili baada ya nukta ziliharakisha usomaji kwa kiasi kidogo sana, tena kwa wale tu ambao wenyewe huandika hivyo. Uelewa haukubadilika kwa yeyote. Wapenzi wa nafasi mbili walishangilia kupita kiasi, maana majaribio yalifanywa kwa fonti ya Courier New, ambayo kila herufi ina upana sawa, yaani fonti ya taipureta. Ninachokiona mimi ni kwamba madhara hayakuonekana upande wowote.

Ikumbukwe pia kwamba hata wataalamu wa kompyuta hawakukubaliana. Programu ya TeX, ambayo Donald Knuth alianza kuiunda mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo wanahisabati bado wanaiandikia makala zao, hutanua mwanya baada ya sentensi yenyewe, isipokuwa ukiiambia iache. Kihariri cha Emacs, kisipobadilishwa, hutambua mwisho wa sentensi kwa kuona nafasi mbili baada ya nukta, kwa hoja ile ile ya "Bw." aliyonipa mama wa steshenari. Kurasa za intaneti, kwa upande wao, huzimeza nafasi zote za ziada: weka kumi, msomaji ataona moja.

Sasa nirudi kwenye usafishaji wenyewe, kwa kuwa najua baadhi yenu mmesoma mpaka hapa mkingoja mbinu. Ni jambo la nusu dakika. Fungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, gonga nafasi mbili katika kisanduku cha juu, moja katika kisanduku cha chini, amuru zibadilishwe zote, kisha rudia mpaka programu ikuambie haikupata kitu, kwa sababu nafasi tatu hubaki mbili katika mzunguko wa kwanza. Lakini hifadhi nakala ya awali kwanza. Kuna watu wanaopanga majedwali kwa kugonga nafasi badala ya kutumia vituo vya mstari, na amri hiyo itayakunja majedwali yao yote. Kuna mashairi ambayo mchapaji ametenga kipande na kipande kwa nafasi bila mkato. Utakuta ukwapi na utao vimegandana na mshororo umekuwa nathari.

Mimi nina jeraha langu. Miaka kadhaa nyuma nilinakili katika kompyuta kumbukumbu za mikutano ya chama kimoja cha ushirika, zilizopigwa chapa katika miaka ya 1950. Nilizinakili kwa uaminifu, nafasi kwa nafasi. Kabla ya kuzichapisha kwa ajili ya semina nilizisafisha zipendeze, nikahifadhi juu ya faili lile lile. Miezi baadaye, nikipitia daftari langu, nikakuta nilikuwa nimeandika kwamba katika mkutano mmoja kurasa zote zina nafasi mbili baada ya nukta, isipokuwa ukurasa mmoja, ule wenye uamuzi juu ya bei ya mazao, wenye nafasi moja. Mkono mwingine ulikuwa umeupiga ukurasa huo. Pengine mhazili aliugua siku ile. Pengine ukurasa ulipigwa upya baada ya mkutano na kuchomekwa. Tofauti kati ya mawili hayo ni tofauti kati ya wakulima waliokubali bei na wakulima walioambiwa wamekubali. Katika faili langu safi, dalili hiyo haikuwapo tena. Ilinibidi nisafiri siku mbili kwenda na kurudi ili niuangalie upya ukurasa mmoja.

Tangu hapo, ninapoletewa ripoti ya kamati iliyoandikwa na watu sita, huitazama kwanza jinsi ilivyo. Nafasi hunionyesha ni aya zipi zilitoka kwa mzee aliyefunzwa kwa taipureta, zipi kwa kijana, zipi zilinakiliwa kutoka waraka wa zamani bila kusemwa. Nikishaona, ndipo nasafisha. Sina ugomvi na nafasi moja. Maandishi haya yana nafasi moja, na wanafunzi wangu nawaagiza hivyo hivyo, kwa kuwa kazi yenye sura moja humrahisishia msomaji. Ugomvi wangu ni na neno lile, uzembe. Ofisi iliyolitumia ilikuwa na faili la kielektroniki la tasnifu hiyo. Kwa muda uliotumika kuzungushia wino mwekundu mianya ya ukurasa wa kwanza, ingeweza kusafisha kurasa zote 140.

Tulizisafisha sisi, mimi na mwanafunzi, mezani kwa mama wa steshenari, na mama mwenyewe ndiye aliyekamata kipanya. Programu ilitangaza idadi ya nafasi zilizoondolewa. Ilizidi elfu mbili. Aliitazama namba ile kwa muda. Nikamweleza niliyoyajua kufikia siku ile: kwamba hakuna siku moja sheria ilipobadilishwa, kwamba vitabu vilianza kuhama kabla yeye hajazaliwa, kwamba ofisi zilifuata kimya kimya kila moja kwa wakati wake, na kwamba hakuna aliyetumwa kuwatangazia wahazili.

"Basi hawakutuambia," alisema, akaichapa tasnifu upya. Alikataa kulipwa kwa mara ya pili. Mwanafunzi aliiwasilisha kesho yake na akahitimu mwaka ule. Mama anaendelea na kazi. Za wanafunzi anaziwekea nafasi moja. Wiki iliyopita aliniandikia barua kuhusu jambo jingine kabisa, la kiwanja, na nilipoifungua niliona baada ya kila nukta amegonga mara mbili.